Mlipeni Mtoto, Kisha Mwonyesheni Ndege

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Busia, upande wa Uganda, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari. Mvua ya mchana ule iliwazuia wengi, na walioniomba maandishi ni wengi kuliko walioketi ukumbini. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wakuu, shehe wetu na mchungaji wetu, wazazi wangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuja na matope haya.

Nimeombwa nizungumzie kazi za ndege. Najua mnachotarajia. Mnatarajia nisimame hapa niwaambie watoto wasome fizikia, wawatii wazazi, na siku moja watavaa kofia na mistari minne mabegani. Hayo mtayasikia kwa wengine, na wanayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja na jambo moja, na linahusu pesa. Nasema hivi: kijana wa Senior Four au Senior Six, yaani kidato cha nne au cha sita, anayepelekwa uwanja wa ndege wakati wa likizo ili aijue kazi, alipwe. Alipwe kila wiki. Alipwe kwa kazi ya kweli. Na wanaoajiri, ambao wachache wenu nawaona safu ya pili, msianze kuangalia simu. Bado sijafika kwenu.

Niwaulize kwanza wazazi. Mtoto wa Busia akimaliza mtihani wa taifa, ule wa UNEB, anafanya nini? Semeni tu, humu ndani hamna afisa wa forodha. Anabeba! Anabeba sukari, anabeba mafuta ya kupikia, anabeba mahindi, anavusha kwa njia za panya usiku na mchana. Asiyebeba anaendesha boda ya mjomba wake. Asiye na boda anasimama stendi kuita abiria wa Tororo na Jinja. Na muda anao. Senior Six wanamaliza mtihani Desemba, vyuo vinafunguliwa Agosti. Hesabuni wenyewe hiyo ni miezi mingapi.

Kwa hiyo msiniambie kijana huyu hana kazi. Anayo. Mwajiri wake ni mpaka, na mpaka unalipa jioni ile ile.

Sasa wewe mwenye kampuni unamjia na barua nzuri yenye nembo ya ndege. Unamwambia: tunakupa nafasi ya kujifunza, nauli ni yako, malazi ni yako, chakula ni chako. Mkono mtupu haulambwi, jamani! Nani ataacha mpaka unaolipa aje akulambe mkono mkavu?

Namjua kijana mmoja wa hapa hapa, wazazi wake wako mjini humu, sitamtaja. Alikuwa mkali wa hesabu. Akapata nafasi ya likizo katika kampuni moja ya ndege, nayo sitaitaja. Bila malipo. Akafikia kwa shangazi yake, chumba kimoja, watu watano. Asubuhi alitembea kwa miguu mpaka kazini, na nasikia ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza. Mchana wenzake walikwenda kula, yeye akazunguka nyuma ya ukuta. Siku yenye neema alikula kikomando, chapati moja na maharage. Wiki ya tatu hakuonekana. Alikuwa amerudi Busia kubeba.

Katika kundi lile lile alikuwamo mtoto wa mkubwa mmoja, analetwa na dereva, anafuatwa na dereva. Huyo alimaliza likizo yote akapewa cheti. Simlaumu, mtoto hachagui baba. Lakini mnajua kampuni iliandika nini mwisho? Iliandika kwamba vijana wa kutoka mikoani wanakosa bidii. Bidii! Aliyekuwa anafika wa kwanza!

Ndiyo maana nasema alipwe. Nafasi isiyo na malipo haimpimi kijana, inapima mfuko wa baba yake. Ukitaka kujua nani anafaa kwa ndege, ondoa kwanza swali la nauli na chakula. Likishaondoka, ndipo utamwona mtoto mwenyewe.

Na malipo yanamfaa hata anayelipa. Kijana usiyemlipa utamkemea vipi akichelewa? Utamwambia nini akikaa kwenye kivuli na simu? Hana deni nawe. Tena mtu wa bure hupewa kazi za bure: lete chai, panga viti, subiri pale. Nimeona vijana wakikaa mwezi mzima uwanja wa ndege wakatoka wanajua kuchemsha chai ya watu wanane. Siku utakapotoa shilingi zako kila Ijumaa, utaanza kuuliza: huyu anafanya nini kwa pesa yangu? Hapo ndipo kufundisha kunapoanza.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe, maana naona wanafunzi wameanza kunisikiliza.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo. Ndege zetu zinabeba watalii kwenda Kidepo, Kihihi, Kisoro, na wakati mwingine zinabeba wagonjwa. Katika hanga letu, yaani banda la ndege, kuna ubao mkubwa ukutani. Kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi: hapa spana namba 10, hapa bisibisi, hapa koleo. Ukichukua spana, mahali pake unaacha kibati chenye jina lako. Jioni, kabla ya kufunga, kila umbo lazima liwe limefunikwa na kifaa chake. Ndege haitoki mpaka ubao utimie. Kwa nini? Kwa sababu spana iliyosahaulika ndani ya ndege haikai ilipoachwa.

Likizo moja tulikuwa na binti wa Senior Six. Tulimpa kazi ya kuhesabu ubao asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Kazi ndogo? Ngojeni. Jioni moja, ndege inatakiwa alfajiri, mafundi wamechoka, wamenawa mikono, mmoja ameshavaa koti. Binti akasema, "Spana namba 10 moja haipo, na kibati hakipo." Fundi mmoja, mtu mzima, mwenye leseni tangu binti yule hajazaliwa, akamwambia, "Mwanangu, andika zimetimia, kesho nitaitafuta." Binti akashika kalamu, akamtazama, akasema, "Mzee, nikiandika zimetimia nitakuwa nimeandika uongo." Akaifunga kalamu.

Mnaona mambo? Msichana anayelipwa posho ya wiki amesimamisha ndege.

Tukavua makoti. Tukafungua tena mifuniko ya sakafuni, ile yenye skrubu nyingi ambayo hakuna anayependa kuifungua mara mbili siku moja. Spana ilikuwa imelala chini ya sakafu, karibu na kebo zinazovuta usukani wa nyuma. Huko juu ndege inatikisika. Kifaa kikisogea kikanasa kwenye kebo au kwenye gurudumu lake, rubani anavuta usukani hauji. Yule fundi mtu mzima hakusema kitu. Asubuhi alimletea binti soda.

Mtauliza binti yule yuko wapi leo. Anasomea uhasibu. Ndiyo, uhasibu! Mlitaka niseme rubani? Mimi sina neno. Yeyote atakayemkabidhi vitabu vyake vya hesabu amepata mtu.

Kazi za namna hiyo zipo tele. Kila asubuhi kabla ya ndege kuruka, fundi anapita chini ya bawa na kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, anabonyeza vali ndogo, mafuta kidogo yanashuka. Anayainua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ndogo za pistoni imetiwa rangi ya samawati. Mafuta ya ndege za jeti hayana rangi hiyo, na ukiyachanganya kwenye injini ya pistoni, umeiua. Halafu unatafuta maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hushuka chini yakakaa kama shanga isiyo na rangi chini ya ile samawati. Msimu wa mvua kama huu usipotazama vizuri, shanga ile inakwenda kwenye injini. Nimewasimamisha vijana wa fizikia pembeni yangu wakaitazama shanga hiyo, na somo la uzito wa vitu ambalo mwalimu alihangaika nalo muhula mzima limeingia pale pale. Mwalimu, usikasirike. Wewe hukuwa na ndege.

Sasa nyinyi mnaosema ndege ni rubani tu. Hebu twende Entebbe. Nani anaangalia ndege wa manyoya? Uwanja uko ziwani. Kaloli, wale korongo wakubwa, wanafuata takataka, wengine wanafuata samaki na wadudu wa ziwa, na ndege mmoja wa manyoya akiingia kwenye injini ya jeti ni hasara na hatari. Kuna watu ambao kazi yao ni kuwahesabu, kujua wanapokula na saa wanazovuka, na kuwafukuza. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa huko Majanji au Lumino, akilinda dagaa wasiliwe, mtamfundisha nini juu ya tabia za ndege? Atawafundisha nyinyi!

Nani anashughulikia shehena? Sangara wetu, maua yetu na mboga zetu hupita Entebbe kwenda Ulaya, na samaki akichelewa kwenye jua hana thamani tena. Nani anapima mizigo na kupanga uzito ukae sawa ndani ya ndege? Nani anaandika hali ya hewa? Nani anaongoza ndege kutoka kwenye mnara? Na Hoima kumejengwa uwanja wa Kabalega wenye njia ya kurukia ya mita 3,500 kwa ajili ya shughuli za mafuta. Watu watakaofanya kazi kule watatoka wapi?

Nawaletea kisa kimoja cha mbali. Marekani, mji wa Dayton, ndugu wawili wa ukoo wa Wright walikuwa na duka la baiskeli. Mwaka 1901 wakamwajiri fundi, Charlie Taylor, dola 18 kwa wiki, awashikie duka huku wao wakihangaika na mabawa. Wakatafuta injini nyepesi kwa watengenezaji wa magari, wasipate inayowafaa. Taylor akaingia nyuma ya duka. Alikuwa na mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa na vifaa vya mkono. Wiki 6 injini ikawaka. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege ikaruka, na iliyoirusha ni injini ya mwajiriwa wa duka la baiskeli.

Mji huu wa Busia ndio ulioipa Uganda bodaboda, na mwanzoni zilikuwa baiskeli. Nani hapa hana jamaa anayejua kunyoosha rimu kwa kusikiliza sauti ya spoku? Mkono ule ule ndio tunaoutafuta. Lakini angalieni tena kisa changu: Taylor alilipwa. Hakuna aliyemwambia ajitegemee nauli ili aone historia.

Wazazi, najua hofu yenu. Mtoto karibu na panga la injini linalozunguka! Hofu hiyo ni halali, na mimi ninayo kuliko nyinyi. Kwa hiyo niseme wazi. Katiba yetu, katika kuwalinda watoto na kazi za kuwadhuru, inawahesabu watoto kuwa walio chini ya miaka 16. Mimi sitaki aliye chini ya umri huo karibu na hanga. Na huyo wa miaka 16 au 17 hajazi mafuta, hawashi injini, havuki mstari wa maegesho ya ndege bila mtu wa kumsindikiza, na haweki sahihi kwamba ndege iko salama. Sahihi ile ni ya mwenye leseni peke yake. Atakayewaambia kwamba kijana wenu wa likizo "amerekebisha ndege" anawadanganya, au anavunja sheria. Mchukueni mtoto mwende naye nyumbani.

Umri wa leseni nao muujue, maana watoto wanadhani ni mambo ya uzeeni. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, leseni ya rubani binafsi inaanzia miaka 17, ya biashara 18, ya fundi wa matengenezo 18, ya mwongoza ndege 21. Kijana wa Senior Six yuko mlangoni kabisa. Na mabinti mnaovaa miwani, mliambiwa na nani kwamba macho yenu yamewafungia? Miwani inaruhusiwa kwa viwango vilivyowekwa. Nendeni mkapimwe, msikate tamaa kwa maneno ya mabweni.

Sasa niwageukie wa safu ya pili.

Mtaniambia: fundi, tulipe watoto halafu waende uhasibu? Faida yetu nini? Nitawajibu bila kuwapamba. Marekani wamekuwa wakiwapa vijana wa sekondari kazi za kulipwa wakati wa likizo kwa miaka mingi, na zimechunguzwa. Chicago walichukua vijana 1,634 wa shule zenye vurugu, wakachagua kwa bahati nasibu nani apate kazi ya wiki 8 na nani asipate. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science: katika miezi 16 iliyofuata, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kwa waliopata kazi kuliko kwa wasiopata. Lakini New York, walipowafuatilia vijana wao kwa miaka, waliona waliopewa kazi ya likizo waliofungwa na waliokufa ni wachache kuliko wenzao, ila mishahara yao ya baadaye haikupanda kwa sababu ya kazi ile.

Mmesikia? Kazi ya likizo inaweza kumwokoa kijana. Kumpa taaluma, peke yake haiwezi. Baada ya wiki zile lazima kuwe na hatua ya pili, la sivyo tumemwonyesha mtoto mlango na kuufunga. Na sisi hatua ya pili tunayo karibu. Soroti kuna chuo cha urubani na ufundi wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Kutoka hapa ni Tororo, Mbale, Kumi, umefika. Ni watoto wangapi wa ukumbi huu wamewahi kufika langoni pake? Inueni mikono. Mmoja. Na huyo najua baba yake ni askari wa kule.

Wazee mnakumbuka shirika letu la ndege, Uganda Airlines, lilivyofungwa mwaka 2001. Ndege tulizisikitikia, lakini mimi nilisikitikia zaidi njia ya kuingilia, ile ya kijana kuanza na ufagio karibu na fundi anayemjua jina. Shirika likarudi, tarehe 28 Agosti 2019 likaruka Entebbe hadi Nairobi na abiria. Njia ile ya ufagio sijaiona ikirudi. Ndege unaweza kuagiza kiwandani. Fundi wa miaka 20 ya kazi utamwagiza wapi? Lazima uwe ulimwanzisha miaka 20 iliyopita.

Kwa hiyo ombi langu kwenu waajiri ni dogo, na nalisema mbele ya mashahidi. Kila mmoja achukue vijana wawili likizo ya Senior Six. Wiki 6. Malipo kila Ijumaa kwenye simu ya kijana mwenyewe, si ya mjomba. Chakula cha mchana meza moja na mafundi, kwa sababu maswali ya maana huulizwa wakati wa kula. Fundi mmoja anayejulikana kwa jina awe mwenye kuwajibika kwao. Na barua ya mwisho iseme walichofanya: alihesabu vifaa, aliandika joto na upepo, alipima mizigo. Msiandike "alishiriki vyema." Hiyo haimsaidii mtu Soroti wala kwingine.

Walimu wakuu, msituletee tu namba moja wa darasa. Tuleteeni na yule anayefungua redio za watu.

Wazazi, mshahara wa mtoto ni wa mtoto. Najua mahitaji ya nyumbani, sijatoka mwezini. Akitaka kusaidia karo ya mdogo wake ni baraka. Lakini mkimnyang'anya wote Ijumaa jioni, Jumatatu atakuwa mpakani, na mimi sitakwenda kumfuata.

Fomu ziko kwenye meza ile karibu na mlango, ambako wanafunzi wangu watoro wamekaa, kwa hiyo hawana kisingizio. Ni za bure, na atakayewauzia fomu hii nje ya ukumbi ni mwizi. Andikeni kwa mkono wenu, Kiswahili au Kiingereza, ila huko mbele Kiingereza cha redio ya ndege ni lazima, anzeni sasa. Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na yule mzee wa kofia nyeupe ameinua mkono tangu nilipotaja pesa za Ijumaa. Mzee, shikamoo. Karibu uulize.